Ng'ombe za Nyumba

Ijumaa asubuhi Bwana Inspekta aliliweka jalada la Waitara mbele ya Sajini Nashoni, akasema kwa Kiswahili chake cha amri kwamba Jumatatu hakimu anakuja kutoka Musoma na anataka kesi iliyoiva. Baada ya hapo akapanda Landrova na kwenda zake mpakani, ambako ng'ombe walikuwa wameibwa tena. Tarime ng'ombe wakiibwa, kituo kizima cha polisi huhamia porini, na kesi nyingine zote hubaki mikononi mwa mtu mmoja ambaye si Mkurya na hana mbio. Mwaka ule mtu huyo alikuwa Nashoni, Mjita wa Majita, aliyehamishwa kutoka Musoma na ambaye hakuna mtu aliyemuuliza kama anapenda.

Alilifungua jalada. Hakuona jambo la kumshangaza, na ni muda mrefu sasa tangu jambo lolote limshangaze.

Waitara wa Kemambo alikuwa amefanya kazi Mtwara, kwenye ujenzi wa bandari. Serikali ilikuwa imetaka kulima karanga huko kusini, ikaanza kuchimba bandari na kulaza reli. Karanga zikakataa, ila mji ulikuwa umeshaanza kukua na hakuna aliyeuambia usimame. Waitara alirudi likizo akiwa amevaa viatu na amejaa maneno. Aliwaambia watu wa kwao kwamba ng'ombe anakufa kwa ugonjwa wa ndigana, anaibwa, anataka majani, lakini nyumba ya bati Mtwara hailishwi wala haiswagwi na mwizi, na kila mwezi mpangaji analeta kodi. Watu kadhaa wakampa ng'ombe awauze mnadani, awanunulie viwanja. Akaondoka. Pakawa kimya kirefu, na kimya kilipozidi wakaja polisi kushitaki. Waitara aliporudi kijijini kwa miguu yake mwenyewe, akakamatwa.

Mpaka hapo kesi ilikuwa nyepesi. Kisha, mwezi uliopita, walalamikaji walianza kuja mmoja mmoja kufuta mashitaka yao. Walisema wamepatana na hawakutaka kueleza zaidi. Aliyebaki ni mmoja tu, bibi mjane aitwaye Wegesa, na maelezo yake yalikuwa mafupi kuliko yote. Nilimpa Waitara ng'ombe za nyumba. Ng'ombe alichukua. Nyumba sina.

Kwa maneno hayo Waitara angefungwa, na kwa wizi wa kuaminiwa hakimu yule hakuwa mtu wa kutoa miezi. Alikuwa akitoa miaka.

Nashoni aliyakumbuka vizuri maelezo hayo. Bibi alikuwa amesema Kikurya kitupu, na kwa kuwa askari wote waliojua lugha walikuwa porini, mkalimani alitoka misheni, msichana wa zahanati aitwaye Philomena aliyejitolea mwenyewe kuja. Nashoni hakujua Kikurya, lakini neno moja alilisikia kwa masikio yake bila kusaidiwa, maana Wakurya wanalitamka kama yeye. Nyumba. Msichana hakuwa na haja ya kulitafsiri, na hakulitafsiri.

Alichukua ufunguo, akaenda mahabusu.

Waitara alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani. Alikuwa kijana mrefu mwenye mikono ya mtu aliyebeba saruji.

"Jumatatu unasimama mbele ya hakimu," Nashoni alisema.

"Nimesikia."

"Ulichukua ng'ombe wa mama Wegesa?"

"Nilichukua."

"Kwa ajili ya nyumba?"

"Kwa ajili ya nyumba."

"Hiyo nyumba iko wapi?"

Waitara alikuna goti. "Andika kwamba haipo."

"Sijakuuliza niandike nini. Nimekuuliza iko wapi."

"Sajini, mimi nimekubali kosa. Mtu akikubali, polisi mnamtaka nini tena?"

Nashoni alivuta kigoda akakaa. Katika kazi yake alikuwa ameona wezi wa kila namna, wanaolia, wanaotukana, wanaoapa kwa makaburi ya baba zao. Hakuwahi kukutana na mwizi anayemsaidia kuandika.

"Tuanze na wengine," alisema. "Kiwanja cha Mzee Rubeni kiko upande gani wa mji?"

"Ukitoka bandarini, kabla hujafika kambi ya reli. Kuna mikorosho, wa tatu umeuegemea uzio. Mchanga mtupu, msingi ukichimba lazima uende chini sana."

"Maji?"

"Bomba liko ng'ambo ya barabara. Wanapanga foleni."

"Na kiwanja cha mama Wegesa?"

"Hukohuko."

"Hukohuko wapi? Karibu na bomba?"

"Hukohuko tu, Sajini."

Nashoni alifunga mlango akarudi mezani. Mtu huyo alikuwa anaijua Mtwara kwa mikorosho yake. Kiwanja cha bibi peke yake ndicho kilichokuwa hakina hata mti.

* * *

Shaka ya kwanza ya Nashoni ilikuwa ya kawaida, na ndiyo maana aliipenda. Walalamikaji wametishwa. Ndugu zake Waitara wamezunguka usiku na mapanga, wamewaambia watu wafute mashitaka, wakamruka bibi kwa sababu hawakuona kama ni mtu wa kuogopa. Alitaka kuisikia ikithibitishwa, akaenda sokoni kwa Simoni.

Simoni alikuwa fundi baiskeli. Alikuwa amekaa Mtwara pamoja na Waitara, na alikuwa amerudi mwezi huohuo mashitaka yalipoanza kufutwa. Nashoni alimkuta amepindua baiskeli ya mtu, anasikiliza pumzi ya tairi ndani ya karai la maji.

"Nani aliwatisha watu wa Kemambo?"

"Kuwatisha?" Simoni hakuinua macho. "Niliwapelekea kodi yao. Hicho ndicho kitisho."

"Kodi ya nini?"

"Ya nyumba zao. Waitara aliniachia niwakusanyie kodi kwa wapangaji. Nilichelewa kwa sababu niliugua homa, nikalazwa. Wao wakaona kimya, wakakimbilia polisi. Sasa wameona hela, wanaona aibu. Nani atakuja kukwambia Sajini, mura huyu, kijana wa watu, nilimfungisha bure?"

"Nyumba zipo kweli."

"Mimi nimelala ndani ya mojawapo. Mtwara, Sajini, ukienda chooni ukirudi unakuta jirani ameinua ukuta. Kiwanja ambacho Waitara alikishika na watu wanamcheka, leo Mhindi anakililia. Mimi mwenyewe najilaumu nilinunua baiskeli."

"Na Wegesa? Chake kikoje?"

Simoni alitoa tairi majini. Alifikiri kwa uaminifu, kama mtu asiye na cha kuficha.

"Wegesa hakuwamo," alisema. "Kila mwenye nyumba Mtwara mimi namjua, nimekusanya kodi zao. Wegesa hajawahi kutajwa. Yule bibi Mtwara hata hajui iko upande gani."

"Lakini alitoa ng'ombe, na Waitara amekubali kwamba alizichukua."

"Basi alizichukua kwa jambo jingine," Simoni alisema, akaanza kupaka gundi.

Shaka ya vitisho ilifia hapo, kando ya karai. Nashoni hakuisikitikia sana. Kilichomkera ni kwamba sasa alikuwa na mtu aliyewajengea watu wote nyumba, akamwibia mmoja tu, bibi mzee, kisha akakaa mahabusu akiomba afungwe. Hesabu hiyo haikukaa sawa kila alipoigeuza.

* * *

Jumamosi, siku ambayo kwa dini yake hakupaswa kufanya kazi, Nashoni alipata nafasi kwenye lori lililokuwa linakwenda kubeba mahindi, akashuka njia panda na kutembea hadi Kemambo. Alitaka kujua jambo moja, ng'ombe wa Wegesa waliuzwa mnada gani. Mwizi huuza, na aliyenunua huwa anamkumbuka muuzaji. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyofanya miaka yote bila kujiuliza.

Mkewe Waitara aliitwa Robi. Alikuwa anapeta ulezi uani, mtoto amefungwa mgongoni. Alimpa mgeni kigoda, akamletea togwa, akaendelea kupeta. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza lakini kilitosha.

"Mama, nimekuja kwa ajili ya ng'ombe wa Wegesa."

"Ndiyo."

"Mume wako aliwauza wapi?"

Robi alimtazama. "Haziuzwi hizo. Zilikuwa mitamba. Na ng'ombe moja na ndama yake."

Nashoni aliweka kibuyu chini. Alikuwa amekulia kwenye ng'ombe kama kila mtu wa Mara, na aliona aibu kwamba hakuuliza swali hilo mapema. Anayetaka hela za kiwanja hupeleka mnadani maksai na madume, wale wanaotafutwa na wachinjaji. Wengine wote wa Kemambo walitoa madume. Iliandikwa kwenye jalada. Mtamba hatoki zizini kwenda kununua mchanga wa Mtwara. Mtamba anatoka kwenda kuzaa kwenye zizi jingine.

"Sasa wako wapi?"

"Kwa baba yangu."

"Kwa baba yako? Walifikaje huko?"

"Waitara alinioa nazo." Robi alisema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. "Zilikuja hapa kwa Gati, zikalala, zikaenda kwetu. Mimi nikaja."

"Gati ni nani?"

"Dada yake Waitara."

"Kwa hiyo Wegesa alitoa ng'ombe kumwoa Gati. Amemwolea nani? Mwanawe?"

"Ndiyo. Mwanawe."

"Jalada langu linasema bibi ana mabinti tu."

"Ana mabinti tu."

Nashoni alisubiri. Robi naye alisubiri, akashangaa kwamba mzee mzima mwenye tepe mkononi haoni kitu kilichokaa mbele yake. Mwishowe alimhurumia.

"Nyie kwenu hamna hii?" aliuliza. "Mama akikosa mtoto mwanamume, nyumba yake inakufa. Basi anatoa ng'ombe, anaoa msichana wa nyumba. Msichana anakuwa mkamwana wake. Mume hayupo, mume ni jina. Bibi anamchagulia mwanamume wa kuingia, watoto wanakuwa wa bibi. Wanaitwa kwa baba yao ambaye hakuzaliwa. Ndiyo nyumba."

"Na watu wanasema vipi? Wegesa alitoa ng'ombe za nini?"

"Za nyumba," Robi alisema.

Kuku waliingia kwenye ulezi, akawafukuza.

"Na huyu Gati, sasa hivi yuko wapi?"

"Alikaa kwa bibi kidogo, akakimbia. Yuko misheni Tarime, kwenye dawa. Walimbatiza, wanamwita jina la Kizungu." Alijaribu kulikumbuka. "Filomena."

Nashoni alikaa pale hadi togwa ikatulia kibuyuni. Aliyaona upya maelezo ya Wegesa, siku ile kituoni. Kila bibi alipotamka neno nyumba alikuwa akiinua kidevu kumwelekea mkalimani. Nashoni alikuwa amedhani anamhimiza msichana atafsiri haraka. Na maelezo yalipokwisha bibi hakuondoka. Alikaa barazani mpaka giza likaingia, na askari wa zamu alipomwambia aende nyumbani alionekana kama mtu aliyedhulumiwa. Alikuwa anangoja akabidhiwe. Alikuwa amekuja polisi kudai mkamwana wake, akakuta polisi wameshamleta, amesimama pale mbele ya meza, na kisha wakamwachia aende zake.

Msichana hakusema uongo hata mmoja. Alilichukua neno moja kutoka Kikurya akaliweka kwenye Kiswahili kama lilivyo, na sajini wa upelelezi akamalizia mwenyewe.

"Utamtoa Waitara?" Robi aliuliza.

"Unataka atoke?"

"Ni mume wangu." Aliweka ungo chini. "Lakini ng'ombe zikidaiwa, baba yangu itabidi azirudishe, na mimi nirudi kwetu. Huyu," alimgusa mtoto mgongoni, "sijui atakaa wapi. Waitara alisema nisiseme kwa mtu. Wewe umeniuliza vizuri, nimesema."

Nashoni aliagana naye kwa heshima. Njiani kuelekea njia panda alijaribu kujiona amefanikiwa, maana kitendawili chake kilikuwa kimeteguka. Hakuhisi kitu.

* * *

Jumapili asubuhi kengele ya misheni ikilia, alimletea Waitara chai.

"Gati," alisema.

Waitara alishika kikombe kwa mikono miwili na hakunywa.

"Wewe ndiye uliyemwoza?"

"Baba alikuwa ameshakufa. Nilimtaka Robi, na sikuwa na ng'ombe. Wegesa alikuwa nao, wa mahari ya mabinti zake. Gati alikuwa anasoma. Akaniuliza, kaka, unaniozesha kwa nani? Nikamwambia kwa nyumba. Akauliza tena kwa nani. Nikaenda Mtwara."

"Na hii hila ni ya nani?"

"Yake. Alikuja hapa dirishani jioni ile baada ya maelezo. Alisema Sajini ameandika kwamba ni nyumba ya Mtwara, usibishe. Hakimu akiandika kwamba ng'ombe zilikuwa za kiwanja, basi hapakuwa na ndoa, na yeye si mke wa mtu. Nyumba yangu ya Mtwara iuzwe, bibi alipwe ng'ombe wake. Robi abaki nyumbani kwangu."

"Alikwambia kwamba utafungwa?"

"Alidhani ni faini. Mimi nilijua." Sasa alikunywa. "Kifungo kina mwisho, Sajini. Nyumba ya Wegesa haina."

Nashoni aliusikia ukweli wa maneno hayo na ulimuuma, jambo ambalo hakulitarajia Jumapili asubuhi. Alichukua kikombe kitupu.

"Niache nifungwe," Waitara alisema. "Wewe utapata kesi yako."

* * *

Alasiri aliwaita wote wawili, bibi na msichana. Konstebo Selestine alikuwa amerudi kutoka mpakani, anajua Kikurya na alikuwa amekaa nje akisafisha viatu. Nashoni angeweza kumtumia. Alimwacha na viatu vyake.

Wegesa alikuja na fimbo na ugoro wake, akakaa kwenye benchi, akasogea pembeni ili msichana apate pa kukaa. Msichana alibaki amesimama. Alikuwa amevaa aproni ya zahanati.

"Keti, Gati," Nashoni alisema.

Jina hilo lilimfikia. Alimtazama Sajini, akaelewa, na bado hakukaa.

"Utatafsiri kama siku ile," Nashoni alisema. "Mpe shikamoo yangu. Mwambie kwamba Waitara ana nyumba yake mwenyewe Mtwara, ya bati, ina mpangaji. Yuko tayari kumpa. Itakuwa ya bibi, na kodi itakuja kwake kila mwezi. Akubali, na madai yake yaishe."

Gati alitafsiri. Alitumia maneno mengi kuliko aliyopewa, na Nashoni hakuhitaji lugha kutambua kwamba mengine yalikuwa ni kuomba. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali fupi.

"Anauliza kama itazaa."

"Mwambie nyumba ya bati haizai. Inaleta kodi."

Wegesa alipoanza kujibu safari hii alijibu kwa muda mrefu, bila hasira, akitazama fimbo yake. Gati alitafsiri kidogo kidogo, macho yakiwa sakafuni.

"Anasema hana shida ya chakula. Anasema amezaa mabinti, na wote sasa ni watu wa nyumba za wengine. Akifa, shemeji zake watazima jiko lake wagawane shamba. Hapatakuwa na mtoto wa kusema bibi yangu alikaa hapa. Anasema hata mimi hakunipiga. Alinipa chumba chenye kitanda, yeye akalala kwenye ngozi. Hiyo ni kweli. Anasema alinisubiri nizoee."

"Anataka Waitara afungwe?"

Bibi alisikia swali, akaonekana kushangaa sana.

"Anasema hapana. Waitara ni shemeji wa mwanawe, na mtu hamfungi shemeji. Yeye alikuja kudai nyumba tu. Anasema hajui kwa nini mlimkamata."

"Mwulize huyo mwanawe yuko wapi."

Gati hakumuuliza. "Hajazaliwa," alisema mwenyewe.

Nashoni alichovya kalamu. Alikuwa na la kusema na alilisema polepole, kwa sauti ile anayosomea watu haki zao.

"Sasa ni maelezo rasmi. Nitamuuliza swali moja, na nitaandika jibu utakalonipa wewe, nalo ndilo hakimu atakalosoma kesho. Ukisema ni nyumba ya Mtwara, kaka yako anafungwa. Si faini. Ni miaka, na kazi ngumu. Wewe unarudi misheni, na hakuna atakayekugusa. Ukisema ni ile nyumba nyingine, mimi sina kesi. Waitara anatoka leo, na shauri linakwenda baraza la mwanangwa, mkuu wa kijiji chenu. Na huko unajua wataamua nini, kwa sababu hakuna atakayemrudisha Robi kwao na mtoto mgongoni ili wewe ubaki kwenye dawa."

Alijiambia kwamba anampa msichana nafasi ya kuchagua. Ilikuwa kweli kiasi. Sehemu iliyobaki ni kwamba hakutaka kulibeba jambo hilo yeye, na alikuwa sajini, na palikuwa na mtu mwingine chumbani wa kulibeba.

"Umefahamu?"

"Nimefahamu."

"Mwulize. Alimpa Waitara ng'ombe za nyumba gani?"

Gati alimuuliza bibi kwa Kikurya. Swali lilikuwa fupi na jibu likawa fupi zaidi, na kidevu kikainuka.

Nje Selestine alikuwa akipiga brashi, kisha akaacha. Gati alifuta mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na maji. Alitazama karatasi iliyokuwa mbele ya Sajini, akatazama mlango wa korido unaoelekea mahabusu. Mdomo wake ulianza neno lenye herufi ya M, na Nashoni akashusha kalamu ili aliandike, lakini halikutoka.

"Anasema," alisema Gati, "anasema nyumba ni mimi."

Nashoni aliandika. Alijichukia kidogo kwa jinsi mwandiko ulivyotoka mzuri.

Wegesa, ambaye hakuwa ameambulia kitu katika Kiswahili chote hicho, alivuta nguo ya msichana akauliza.

"Anauliza kama tumemaliza."

"Mwambie tumemaliza."

Gati alimwambia. Bibi alijiinua taratibu kutoka kwenye benchi, akatafuta bega la msichana la kuegemea, na Gati akamwacha aegemee.